Hoja kwanza, gundi baadaye: namna shindano la utafiti wa historia la wanafunzi linavyoamuliwa

Fomu wanayoshika waamuzi wa National History Day, shindano kubwa la utafiti wa historia la wanafunzi nchini Marekani, ina sehemu mbili tu. Ya kwanza ni ubora wa historia, yenye uzito wa asilimia 80. Ya pili ni uwazi wa uwasilishaji, asilimia 20. Ukitazama wanafunzi wanavyogawa muda wao, mara nyingi utakuta hesabu hiyo imepinduliwa: wiki tatu za kusoma, kisha miezi miwili ya kukata kadibodi, kuhariri video na kubishania rangi ya tovuti. Kazi inatoka ikipendeza, inafika mbele ya waamuzi, na inaishia hapohapo kwenye ngazi ya kanda. Mwanafunzi anaondoka akidhani ameonewa, kumbe alikuwa akigombea zile asilimia 20.

Shindano hili lilianza mwaka 1974 mjini Cleveland, Ohio, pale mwanahistoria David Van Tassel wa Chuo Kikuu cha Case Western Reserve alipowakusanya wanafunzi 129 waonyeshe walichokichimba wenyewe. Sasa hushirikisha zaidi ya wanafunzi nusu milioni kila mwaka. Wa darasa la 6 hadi la 8 wamo katika daraja la chini, wa darasa la 9 hadi la 12 katika daraja la juu. Njia za kuwasilisha ni tano: insha ya utafiti, maonyesho, filamu ya hali halisi, igizo na tovuti. Insha huandikwa na mtu mmoja. Nyingine nne unaweza kuingia peke yako au katika kundi la watu 2 hadi 5. Kwa hiyo kila daraja lina vinyang'anyiro 9, jumla 18. Mashindano ya shule na kanda hufanyika zaidi Februari na Machi, ya majimbo Aprili na Mei, na kazi mbili bora za kila kinyang'anyiro katika jimbo huenda fainali mwezi Juni kwenye Chuo Kikuu cha Maryland, College Park.

Ujerumani wana lao tangu 1973, lililoanzishwa na Rais Gustav Heinemann pamoja na mfanyabiashara Kurt Körber. Hufanyika kila baada ya miaka miwili, hufunguliwa Septemba mosi na kufungwa mwisho wa Februari, na mshiriki awe chini ya miaka 21. Wajerumani humtaka mwanafunzi achimbe pale alipo: mtaani kwake, katika familia yake, shuleni kwake. Wamarekani humwacha achague jambo lolote la nchi yoyote na zama zozote, mradi lihusiane na mada kuu ya mwaka. Hapa tunafuata kanuni za Kimarekani kwa kuwa ndizo zilizoandikwa kwa undani zaidi, lakini yanayohusu hoja na vyanzo yanafaa popote. Kanuni hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo idadi yoyote utakayosoma hapa ilinganishe na kitabu cha kanuni cha mwaka wako kabla hujaanza.

Mada kuu ya mwaka haibandikwi mwishoni

Mada kuu ya 2024 ilihusu nukta za mgeuko katika historia. Ya 2025 ilihusu haki na wajibu, na ya 2026 ni mapinduzi, mwitikio na mageuzi. Kosa la kawaida ni kuchagua jambo unalolipenda, kulitafiti, halafu wiki ya mwisho kupita kila aya ukipachika maneno ya mada. Mwamuzi hulitambua mara moja, maana ukiyaondoa maneno hayo hakuna kinachopungua katika kazi.

Mada ichukulie kama swali linalokubana. Ukisema tukio fulani lilikuwa nukta ya mgeuko, unadaiwa majibu matatu: kipi kiligeuka, kutoka wapi kwenda wapi, na nani wakati ule alionyesha kwa maneno au matendo kwamba mambo yamebadilika. Jibu la tatu ndilo linalowashinda wengi, kwa sababu haliwezi kutungwa. Lazima litoke kwenye nyaraka.

Kupunguza jambo mpaka libebeke

Tuchukue mfano mmoja na tuushikilie. Mwanafunzi anasema anataka kuandika juu ya ukoloni Afrika Mashariki. Hilo ni la juzuu nane. Anapunguza: Tanganyika chini ya Waingereza. Bado ni miaka zaidi ya 40. Anapunguza tena: mpango wa karanga wa baada ya Vita vya Pili vya Dunia, yaani mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga kwa mashine katika eneo kubwa la Tanganyika. Hapo mzigo unaanza kubebeka. Akifika kwenye "Kongwa, 1947 hadi 1951: kwa nini mashine zilianza kazi kabla ya udongo na mvua kueleweka", ana kitu cha kufanyia kazi.

Kipimo chetu ni rahisi. Kama huwezi kutaja kwa haraka watu watatu kwa majina, mahali pamoja panapoonekana kwenye ramani, mwaka wa kuanza na wa kuisha, na angalau nyaraka tatu zilizoandikwa wakati ule, jambo bado ni pana mno, au hujalisoma vya kutosha. Kwa karanga vyote vinapatikana: Frank Samuel wa kampuni ya United Africa aliyelipeleka wazo serikalini mwaka 1946, John Wakefield aliyeongoza ujumbe wa kukagua ardhi mwaka huohuo, na John Strachey, Waziri wa Chakula aliyelitetea bungeni.

Kuna upande wa pili wa kosa hili, nao hutajwa mara chache: jambo dogo mno. Barua moja ya babu wa jirani inaweza kuwa ya kuvutia sana na bado isiwe na kitu cha kuiunganisha na dunia kubwa. Ukilibana jambo mpaka likakosa muktadha, utapoteza alama palepale ulipodhani umezipata.

Epuka jambo la miaka 20 hivi iliyopita. Nyaraka zake nyingi bado zimefungwa na matokeo yake hayajatulia. Titanic, Rosa Parks na Chernobyl hazikatazwi, ila mwamuzi huenda amekwisha kutazama nyingine mbili asubuhi hiyo, na yako atailinganisha nazo.

Hoja ni kitu gani

Hapa ndipo tunapopendekeza utumie muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Tazama sentensi tatu.

"Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 na ukafutwa mwaka 1951." Hii ni taarifa. Hakuna wa kuipinga, kwa hiyo hakuna cha kuthibitisha.

"Mpango wa karanga ulikuwa upumbavu mtupu." Haya ni maoni. Yanaweza kupingwa, lakini hakuna waraka utakaoamua nani yuko sahihi.

"Mpango wa karanga wa Tanganyika haukuangushwa na ukame peke yake, uliangushwa na uamuzi wa kuanza kwa ukubwa kamili bila shamba la majaribio, na hasara yake ya takriban pauni milioni 36 iligeuza kilimo kikubwa cha mashine kutoka tumaini la sera ya maendeleo ya kikoloni kuwa aibu ya kisiasa mbele ya Bunge la London." Hii ni hoja. Ina sababu inayobishaniwa, ina tokeo, ina mgeuko, na kila kipande chake kinahitaji ushahidi wake. Mtu mwenye akili timamu anaweza kusema hapana, kilichouangusha ni vipuri vibovu na msongamano wa bandari ya Dar es Salaam, na itabidi umjibu.

Hoja nzuri hukaa katika sentensi moja au mbili, maneno 40 hadi 60. Iandike mapema, baada ya wiki tatu hivi za kusoma, kisha iandike upya kila unapopata kitu kinachoipinga. Kama hoja ya Januari ni ileile ya Oktoba neno kwa neno, huenda umekuwa ukitafuta vya kuiunga mkono tu. Na kama inaanza na "je, ingekuwaje kama", iache; historia ya mambo ambayo hayakutokea haina hifadhi ya nyaraka.

Vyanzo

Chanzo cha msingi ni kile kilichotengenezwa na mtu aliyekuwapo au aliyehusika: barua, ripoti, hotuba, picha, gazeti la siku ile, shajara, kumbukumbu za bunge. Chanzo cha upili kimeandikwa baadaye na mtu aliyevichambua vya msingi. Maelezo hayo kila mwalimu anayo. Kinachosumbua ni kwamba aina ya kitu haiamui. Swali lako ndilo linaloamua. Mwaka 1950 kilitoka kitabu juu ya mpango wa karanga kilichoandikwa na mtu aliyekuwa upande wa habari wa shirika lenyewe lililouendesha. Ukikitumia kupata tarehe na takwimu, umekitumia kama chanzo cha upili. Ukikitumia kuonyesha jinsi watu wa shirika walivyojieleza mambo yalipoharibika, ni chanzo cha msingi tena kizuri. Kiweke upande mmoja wa orodha, na ueleze kwa sentensi moja kwa nini umekiweka huko. Waamuzi hupenda kuona umelifikiria.

Makosa matatu ya uainishaji hujirudia kila mwaka. Kwanza, nukuu ya waziri uliyoikuta ndani ya kitabu cha mwanahistoria wa leo haikigeuzi kitabu hicho kuwa chanzo cha msingi; nenda kaitafute hotuba yenyewe. Pili, kumhoji profesa kunakupa chanzo cha upili chenye sauti, hakuna zaidi, kwani profesa hakuwapo Kongwa. Tatu, mtambo wa kutafutia picha mtandaoni si chanzo. Picha ina mwenyewe: maktaba, gazeti, jumba la makumbusho. Bonyeza mpaka umfikie huyo mwenyewe, na kama hafikiki, tafuta picha nyingine.

Mpangilio wa kusoma unaotumika vizuri ni huu. Anza na ensaiklopidia kwa saa mbili ili upate majina na miaka, usiinukuu. Kisha soma vitabu au makala mbili hadi nne za wanahistoria, macho yako yakiwa kwenye tanbihi. Tanbihi hukuonyesha wanahistoria walikopita: zinataja faili, ripoti, toleo la gazeti. Hapo ndipo unapoingia kwenye vyanzo vya msingi, ukiwa unajua unatafuta nini. Anayeanza na vyanzo vya msingi bila usuli huzama. Anayeishia kwenye vya upili huandika muhtasari wa kazi za wengine.

Vingi havihitaji safari. Mijadala ya Bunge la Uingereza kuanzia 1803 inasomeka mtandaoni bila malipo, na kwa karanga huo ni mgodi. Mkusanyiko wa magazeti ya zamani wa Maktaba ya Taifa ya Australia, uitwao Trove, ni wa bure na hugusa habari za dola nzima ya Kiingereza. Maktaba ya Bunge la Marekani ina wake. Mafaili ya mawasiliano ya Wizara ya Makoloni kuhusu Tanganyika yako kwenye hifadhi ya taifa ya Uingereza, Kew, chini ya mfululizo CO 691. Ukisema tu "niliangalia mtandao", umeficha kazi yako nzuri.

Ukienda hifadhi ya nyaraka kwa miguu yako, wasiliana nao mapema, omba orodha ya mafaili, na chagua namba kabla hujafika, kwa sababu mafaili hutolewa machache kwa wakati. Kalamu ya risasi tu, hakuna ya wino. Simu ya kupigia picha huruhusiwa mahali pengi bila mwanga wa flashi. Piga kwanza jalada la faili lenye namba, ndipo ukurasa. Picha 200 zisizojulikana zimetoka faili gani hazina thamani yoyote siku ya kuandika orodha ya vyanzo. Mara nyingine mlango hufungwa kabisa. Anna Rosmus wa mji wa Passau, Ujerumani, aliyeanza kama mshiriki wa mashindano ya namna hii akichunguza maisha ya mji wake wakati wa utawala wa Wanazi, ilimlazimu kwenda mahakamani ili mji umruhusu kuona nyaraka zake. Si kawaida kufika huko. Ukikataliwa, andika barua rasmi, uliza kama kuna nakala mahali pengine, na liandike tukio hilo kwenye maelezo ya mchakato wako.

Mahojiano na walioshuhudia yana taratibu zake. Ridhaa iwe ya maandishi. Rekodi kwa vifaa viwili. Uliza maswali yanayofungua: "Siku trekta zilipofika mlifanya nini?" yatakupa mengi kuliko "Je, trekta zilikuwa nyingi?" Watu hukumbuka mfuatano wa mambo vizuri kuliko miaka, basi miaka ipate kwa kuunganisha: ilikuwa kabla au baada ya kuolewa, kabla au baada ya reli kufika. Tenga saa nne hadi sita za kunakili kila saa moja ya mazungumzo. Wengi hurekodi saa nane na kunakili moja.

Halafu kuna namba. Takwimu za karanga ni darasa zuri la tahadhari. Mpango ulitaka ekari zaidi ya milioni 3, na lengo la kuanzia lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa kwanza hazikufika 10,000. Lakini ekari zilizofyekwa, zilizopandwa na zilizovunwa ni vitu vitatu tofauti, na vyanzo huvichanganya. Tani za ripoti za mpango huo ni za Kiingereza, kilo 1,016 hivi, si 1,000. Namba yoyote inayobeba hoja yako iwe na vyanzo viwili ambavyo havikunakiliana.

Tahadhari hii ina upande mwingine pia: namba isiyoaminika inaweza kuwa kweli. Mwaka 1999 wanafunzi wa mji mdogo wa Uniontown, Kansas, walikutana na kipande cha habari kilichosema mwanamke wa Poland, Irena Sendler, aliokoa watoto 2,500 kutoka mtaa wa Wayahudi wa Warsaw. Idadi hiyo ilionekana kama kosa la uchapaji. Hawakuiacha wala hawakuimeza, walifuatilia. Walipokuwa wakitafuta kaburi lake wakagundua yuko hai Warsaw, na igizo lao la National History Day likamrudisha kwenye kumbukumbu za dunia. Alifariki mwaka 2008.

Kuna mifano mingine miwili mikubwa ya kazi za wanafunzi zilizovuka kuta za ukumbi. Mvulana mmoja wa shule wa Pensacola, Florida, alianza katikati ya miaka ya 1990 kuwaandikia manusura wa meli ya kivita USS Indianapolis, iliyozamishwa na nyambizi ya Kijapani tarehe 30 Julai 1945. Ushahidi alioukusanya ulisaidia Bunge la Marekani kupitisha azimio mwaka 2000 la kumwondolea lawama nahodha Charles McVay. Nao wanafunzi wa Illinois walitengeneza filamu juu ya mauaji ya watetezi watatu wa haki za raia huko Mississippi, Juni 1964, wakamhoji hata mtuhumiwa Edgar Ray Killen. Kazi yao ilichangia msukumo wa kuifungua kesi upya, na Killen akatiwa hatiani tarehe 21 Juni 2005. Hatutaji haya ili kila mtu alenge kubadilisha sheria. Tazama tu walichofanya: waliwafikia watu na karatasi zenyewe, huku wengine wakiishia kwenye maktaba ya shule.

Upande mwingine usikike

Fomu ya waamuzi ina kipengele cha mitazamo mbalimbali. Wengi hukijibu kwa sentensi moja ya "hata hivyo, wengine walipinga". Haitoshi. Katika mfano wetu, watetezi wa mpango walikuwa na sababu nzito: Uingereza ya 1946 ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula, majarini iligawiwa kwa mgao, na serikali iliona kusubiri majaribio ya miaka kadhaa ni kuwaambia watu wavumilie njaa. Ukiieleza sababu hiyo kwa uaminifu, hoja yako inaimarika, kwa sababu sasa unaeleza kwa nini watu wenye akili walikosea. Kisha kuna Wagogo wenye ardhi ya Kongwa, waliojua mvua ya pale ilivyo, na ambao sauti yao ni adimu kwenye ripoti. Kusema wazi kwamba ripoti ziliwaacha nje, na kuonyesha ulivyojaribu kuwapata kwingine, ni uchambuzi halali.

Njia tano na mitego yake

Insha ina maneno 1,500 hadi 2,500. Tanbihi, orodha ya vyanzo na maelezo ya picha havihesabiwi. Inafaa wanaopenda kubishana kwa maandishi, na kwa maoni yetu ndiyo njia inayodharauliwa bila sababu: haina gharama na haina waya wa kukatika.

Maonyesho huruhusu maneno yako 500 tu, pamoja na vichwa, maelezo ya picha na mistari ya nyakati. Nukuu kutoka vyanzo vya msingi hazihesabiwi. Tarehe nzima huhesabiwa neno moja, lakini jina la mtu huhesabiwa kila neno. Ukubwa usizidi inchi 40 kwa upana, inchi 30 kwa kina na futi 6 kwa kimo, yaani kama sentimita 102, 76 na 183. Maneno 500 ni machache kuliko unavyodhani: hoja ikichukua 60, usuli 90, kiini 150 na matokeo 80, umebakiwa na 120 kwa vichwa na maelezo yote ya picha. Andika maneno kwanza, ndipo ununue ubao. Mtego wa kawaida ni kukikwepa kikomo cha maneno kwa kujaza nukuu ndefu. Sheria haijavunjwa, lakini sauti yako imezikwa, na fomu ina kipengele cha sauti ya mwanafunzi.

Filamu ina dakika 10, majina ya mwisho yakiwemo. Kwa mwendo wa kawaida wa msimulizi, maneno 130 hadi 150 kwa dakika, hati ya usimulizi isizidi maneno 1,200, ili sauti za mashahidi zipate pumzi. Picha moja ikikaa sekunde 6, unahitaji karibu 95. Watu hukusanya 30, kisha picha ileile ya trekta inarudi mara nne ikiwa na maana nne tofauti. Tena, picha ya trekta ya 1960 haiwezi kusimama badala ya ya 1947. Mwamuzi mmoja akiijua, ataanza kushuku zote. Usimulizi na uhariri ni wa washiriki wenyewe.

Igizo nalo ni dakika 10, na kuna dakika 5 za kupanga jukwaa na 5 za kuondoa. Linaharibika pale mhusika anapojitambulisha kama ensaiklopidia: "Mimi ni Strachey, niliyezaliwa mwaka 1901." Hakuna mtu anayeongea hivyo. Mpe mhusika jambo analolitaka na mtu anayemzuia, na hoja itatokea kwenye mabishano yao. Mavazi yanaweza kukodiwa, lakini hayawezi kubuniwa na fundi kwa niaba yako.

Tovuti ina maneno yako 1,200, na video au sauti zote pamoja zisizidi dakika 3. Hujengwa ndani ya mfumo wa shindano lenyewe, na siku ya mwisho ikifika hufungwa. Hakuna kusahihisha herufi. Kosa lake ni kurasa nyingi tupu. Kurasa 6 hadi 8 zinazofuatana kama hoja inavyofuatana zinatosha.

Karatasi mbili zinazosomwa kwanza

Kazi huambatana na maelezo ya mchakato yasiyozidi maneno 500: ulivyochagua jambo na linavyohusiana na mada, ulivyotafiti, ulivyoitengeneza kazi, hoja yako ni ipi, na umuhimu wake katika historia. Zote tano, insha ikiwemo, zina orodha ya vyanzo yenye maelezo, vya msingi mbali na vya upili. Kila chanzo kina sentensi mbili au tatu za jinsi ulivyokitumia. "Kitabu hiki kilikuwa kizuri na kilinisaidia sana" ni maneno yaliyopotea. "Ripoti hii inaonyesha kwamba ujumbe ulikadiria mvua bila kumbukumbu za miaka mingi za vituo vya karibu, ndiyo msingi wa sehemu yangu ya pili" yanamwambia mwamuzi umesoma. Usirundike vyanzo ambavyo hukuvifungua. Swali "huyu alisema nini?" likija kwenye mahojiano, kimya chako kitasikika chumba kizima.

Ndiyo maana pia programu za akili bandia ni hatari kwenye orodha hii: huweza kutunga kitabu, mwandishi na ukurasa ambavyo havipo, kwa umbo lisilo na dosari. Chanzo ambacho hukukiona kwa macho yako hakiingii.

Msaada, makosa na kufutwa

Mwalimu anaweza kuongoza, mzazi anaweza kushika msumeno. Hakuna anayeruhusiwa kuandika, kubuni au kuhariri badala ya mshiriki. Kuzidisha maneno au sekunde ni kosa la kanuni ambalo waamuzi hulipima kulingana na faida uliyojipatia. Halikufuti moja kwa moja. Kinachofuta kazi ni wizi wa maandishi, kurudia kazi ya mwaka uliopita, na kuharibu kazi ya mwenzako. Ndani ya kundi, jambo linalovunja kazi mara nyingi ni mgawanyo: mmoja amesoma, mwingine amepaka rangi. Kila mmoja ashike angalau chanzo kimoja kikubwa na sehemu moja ya hoja.

Mahojiano

Waamuzi hawaji kusikiliza hotuba uliyoikariri. Huuliza, nawe hujibu. Kawaida huuliza chanzo gani kilikubadilisha mawazo, nini kilikushangaza, ungemjibuje anayepinga hoja yako. Jibu kwa sekunde 30 hadi 60, taja waraka kwa jina, nyamaza. "Hilo sikulifikia katika utafiti wangu" ni jibu linalokubalika. Kubahatisha si jibu. Mazoezi bora ni kumpa mtu asiyelijua kabisa jambo lako fomu ya waamuzi na dakika 10 za kukusumbua.

Kifaa kinachotegemea umeme kiwe na nakala: filamu kwenye diski mbili tofauti, karatasi zote zikiwa zimechapishwa seti nne. Beba gundi, mkasi na tepu, kwa sababu kadibodi huvunjika ndani ya gari.

Baada ya hapo utapewa fomu zenye maoni ya waamuzi, na ukipanda ngazi unaruhusiwa kurekebisha kazi. Yasome maoni yote kabla hujagusa chochote. Waamuzi wawili wakisema kitu kimoja, kirekebishe. Mmoja akisema rangi haikumpendeza, mwache. Wakisema hoja haionekani, rudi kwenye zile sentensi mbili na uziandike upya kabla hujafungua tena kopo la gundi.